Kufuta diski za kompyuta kwa wingi: Mashine zipi zinafaa?

KOMPYUTA inapochakaa ofisini, kwa kawaida hupatwa na moja kati ya mambo mawili. Ama hurundikwa stoo pamoja na viti vilivyovunjika, ama huuzwa kwa bei ya kutupa kwa yeyote aliye tayari kuibeba. Katika hali zote mbili kitu kimoja husahauliwa, nacho ni diski ngumu, yaani kisanduku kidogo cha chuma kilichomo ndani ya mashine hiyo na ambacho ndicho hifadhi ya kumbukumbu zake.

Ndani ya kisanduku hicho huenda mna matokeo ya vipimo vya wagonjwa, orodha za mishahara, nambari za vitambulisho vya wanachama wa sacco au alama za mitihani ya wanafunzi. Mwenye ofisi hudhani kwamba amekwisha kuyafuta hayo yote. Mara nyingi hajafuta lolote.

Faili inapofutwa kwa njia ya kawaida, kompyuta huondoa tu maelezo yanayoonyesha mahali faili hiyo ilipo. Ni sawa na mtu anayechana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu akidhani kwamba ameiteketeza hadithi yenyewe, ilhali kurasa nyingine zote zingali mle. Yeyote mwenye programu ya kufufua faili, na ziko nyingi za bure kwenye intaneti, anaweza kuzisoma.

Ndiyo sababu zimeanzishwa karakana ambazo kazi yake ni kufuta diski kwa mamia kila siku, ili ziweze kutumika tena bila kumdhuru aliyezimiliki. Swali la kwanza kwa yeyote anayetaka kufungua karakana ya namna hiyo ni vifaa gani anunue. Jibu lake haliko katika kasi ya mashine peke yake, bali katika uwezo wa kuthibitisha kwamba kila diski iliyotoka mlangoni imefutika kweli.

Hatari iliyokwisha kuonekana

Mwaka 2003, watafiti wawili wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu diski 158 walizonunua katika soko la vitu vilivyotumika. Kati ya diski 129 zilizokuwa zikifanya kazi, ni 12 pekee zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta zaidi ya nambari 5,000 za kadi za benki, pamoja na barua na kumbukumbu za matibabu.

Barani Afrika, wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada walinunua diski kuukuu nchini Ghana, na mwaka 2009 wakaeleza kwamba moja kati ya hizo ilikuwa na nyaraka za mikataba ya kampuni ya silaha ya Marekani, Northrop Grumman.

Nchini Uingereza, mamlaka ya kulinda taarifa iliitoza faini ya pauni 325,000 mwaka 2012 taasisi inayosimamia hospitali za umma za Brighton na Sussex. Mtu aliyepewa kazi ya kuharibu diski zipatazo 1,000 za hospitali hizo alizitoa baadhi, na zikapatikana zikiuzwa kwenye mnada wa intaneti zikiwa bado na taarifa za wagonjwa.

Nchini Kenya, jambo hilo si la hiari tena. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamhakikishia kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azifute pindi haja yake inapokwisha, na inampa Kamishna wa Data uwezo wa kutoza faini ya hadi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea ni kiasi kipi kilicho kidogo.

Kwa nini Noonkopir

Noonkopir, mji ambao wengi wanaujua kwa jina la Kitengela, uko Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Namanga kwenye mpaka wa Tanzania. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba mji huo ulikuwa na wakazi zaidi ya 150,000. Jirani yake ni Athi River, penye eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje la EPZ na viwanda vya saruji.

Mahali hapo panaeleweka kwa kazi ya kufuta diski. Wateja wakubwa, yaani mabenki, hospitali, vyuo na mashirika, wako Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 30. Mji wenyewe una shule na biashara nyingi zinazoweza kupokea kompyuta zilizokwisha kusafishwa.

Kenya pia haianzi kutoka sifuri. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, limekuwa likikarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni. Kutoka kwake kilizaliwa kituo cha WEEE Centre cha Nairobi, ambacho hushughulikia taka za kielektroniki. Kazi hizo zote mbili hutegemea diski iliyofutwa vizuri. Mwenye kompyuta asipokuwa na imani na ufutaji, huamua kuitoboa diski kwa keekee, na shule hupokea kompyuta isiyoweza kuwaka hadi inunuliwe diski nyingine.

Hesabu kabla ya ununuzi

Tuseme karakana ya Noonkopir inataka kufuta diski 200 kwa siku, nyingi zikiwa za kompyuta za mezani zenye ujazo wa gigabaiti 500. Kabla ya kununua chochote, ni lazima ipige hesabu ya muda.

Diski ya aina hiyo huandikika kwa wastani wa megabaiti 80 hivi kwa sekunde. Kuijaza yote kwa sifuri, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kufuta, kutachukua sekunde 6,250, yaani saa moja na dakika 44. Kuisoma yote tena ili kuhakikisha kwamba hakuna kilichosalia kutachukua muda kama huohuo. Ukiongeza muda wa kuzichomeka na kuzichomoa, kila mkupuo utakula saa nne.

Kwa hiyo siku ya kazi ya saa nane ina mikupuo miwili, na wa tatu unaweza kuachwa usiku kucha. Diski 200 zikigawanywa kwa mikupuo mitatu ni 67. Karakana basi inahitaji nafasi zisizopungua 67 za kuchomekea diski kwa wakati mmoja.

Hesabu hiyo hubadilika diski zinapokuwa kubwa. Diski ya terabaiti nne inayoandikika kwa megabaiti 150 kwa sekunde huhitaji zaidi ya saa saba kwa mzunguko mmoja, na kama saa 15 ikihakikiwa. Hizo zitengewe nafasi zake na ziachwe usiku, la sivyo zitazuia nyingine zote.

Kuna imani iliyoenea kwamba diski haifutiki mpaka iandikwe juu yake mara 35. Imani hiyo ilitokana na makala ya mtaalamu Peter Gutmann ya mwaka 1996, iliyohusu teknolojia za diski za wakati huo. Gutmann mwenyewe alieleza baadaye kwamba mizunguko hiyo yote haina maana kwa diski za kisasa. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotolewa mwaka 2006, ulisema kwamba kwa diski nyingi za kisasa za sumaku mzunguko mmoja unatosha.

Tofauti yake kifedha ni kubwa. Mizunguko 35 kwa diski moja ya gigabaiti 500 ni zaidi ya saa 60. Karakana itakayofuata imani hiyo itahitaji nafasi nyingi mno kwa kazi ileile, bila kumwongezea mteja usalama wowote. Muda huo ni afadhali utumike kuhakiki.

Kompyuta kuukuu au rafu za diski?

Njia rahisi ya kuanza ni kutumia kompyuta za mezani zilizotumika. Nyingi zina soketi nne za SATA, aina ya kiunganishi inayotumiwa na diski nyingi za mezani na za kompyuta za mapajani. Kompyuta 18 za namna hiyo zitabeba diski 72. Bei yake ni ndogo, vipuri vyake viko kila mahali na moja ikiharibika nyingine 17 zinaendelea.

Ubaya wake ni kwamba mfanyakazi atakuwa na mashine 18 za kuwasha, kuangalia na kuandikia taarifa. Kosa la binadamu huongezeka kila anapohama kutoka meza moja hadi nyingine. Aidha, kompyuta hizo hazikutengenezwa ili zichomekwe na kuchomolewa diski kila baada ya saa nne.

Njia ya pili ni rafu za diski, yaani makasha ya chuma yenye nafasi 24 kila moja ambayo hutumiwa katika vyumba vya seva. Rafu tatu hutoa nafasi 72, na zote zinaweza kuongozwa na seva moja au mbili. Rafu zilizotumika hupatikana kwa bei nafuu kuliko mpya, kwa kuwa makampuni makubwa huziondoa yanapobadilisha mitambo.

Njia ya tatu ni mashine maalumu za kufuta diski zinazouzwa zikiwa tayari na programu zake. Hizo ni rahisi kutumia na hutoa cheti zenyewe, lakini bei yake kwa kila nafasi ni kubwa zaidi, na zikiharibika fundi wa kuzitengeneza hapatikani kwa urahisi. Zinafaa zaidi kwa anayekwenda kufutia diski ofisini kwa mteja kuliko kwa karakana ya diski 200 kwa siku.

Kwa kiwango kinachozungumziwa hapa, rafu ndizo zenye hesabu nzuri. Hata hivyo, ni lazima ziunganishwe ipasavyo.

Kadi na kebo

Diski za seva hutumia kiunganishi cha aina ya SAS. Kadi ya SAS huzipokea diski za SAS na za SATA pia, lakini soketi ya SATA haiipokei diski ya SAS. Karakana itakayopokea mashine kutoka mabenki na vituo vya data basi haina budi kuchagua SAS tangu mwanzo, kwani kubadilisha baadaye ni kununua mara mbili.

Kadi yenyewe iwe ile inayopitisha amri moja kwa moja hadi kwenye diski, ambayo mafundi huiita HBA. Vidhibiti vya RAID, ambavyo huunganisha diski kadhaa zikaonekana kama moja, havifai kwa kazi hii. Vingi huificha diski nyuma yake, huzuia amri za kufuta za ndani ya diski na huzuia taarifa za afya yake zisisomeke. Mfanyakazi anaweza kuambiwa kwamba kazi imekwisha ilhali sehemu ya diski haikuguswa.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwa macho. Kebo moja ya SAS yenye njia nne za gigabiti sita kila moja hupitisha megabaiti 2,400 kwa sekunde kwa kiwango cha juu kabisa. Diski 24 zikiandikwa kwa megabaiti 80 kila moja huhitaji 1,920. Kebo moja inatosha kwa rafu moja.

Lakini rafu tatu zikifungwa kwa mnyororo kwenye kebo moja, mahitaji huwa megabaiti 5,760. Kila diski itabaki na kama megabaiti 33 kwa sekunde, na kazi ya saa moja na dakika 44 itageuka kuwa ya zaidi ya saa nne. Mwenye karakana atalaumu diski, kumbe kosa ni la kebo. Kila rafu ipewe kebo yake.

Vifaa vya kuchomekea diski kwenye soketi ya USB navyo vina mahali pake, lakini si katika kazi kubwa. Baadhi yake havipitishi amri za ndani za diski, na vikiwa vingi kwenye soketi moja hugawana kasi yake.

Jambo la mwisho kuhusu viunganishi ni uchakavu. Kiunganishi cha kawaida cha kebo ya SATA kimekadiriwa kuchomekwa mara 50 tu, na kile cha rafu mara 500. Kwa mikupuo mitatu kwa siku, kebo ya kawaida hufikia kikomo chake kabla ya siku 17, na rafu kabla ya miezi sita. Dawa yake ni kuweka kipande kidogo cha kuunganishia mbele ya kila nafasi, ambacho ndicho kitakachochakaa na kubadilishwa kwa bei ndogo, huku soketi ya rafu ikibaki salama.

Si kila diski ni ya sumaku

Hesabu zote zilizotangulia zinahusu diski za sumaku, zenye sahani zinazozunguka. Diski za SSD, zinazohifadhi kumbukumbu kwenye chipu, ni jambo jingine kabisa. Diski hizo huwa na akiba ya nafasi ambayo kompyuta haiioni, na huhamisha taarifa ndani kwa ndani ili chipu zichakae kwa usawa. Kuandika sifuri juu yake kunaweza kuacha vipande vya taarifa za zamani mahali ambapo programu ya kawaida haifiki.

Kwa SSD hutumiwa amri iliyowekwa na mtengenezaji ndani ya diski, inayoiambia ijifute yenyewe pamoja na akiba zake. Amri hiyo mara nyingi huchukua dakika chache au hata sekunde. Faida yake kwa karakana ni kwamba nafasi hazikaliwi muda mrefu.

Lakini hapa pia uhakiki haukwepeki. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini San Diego walionyesha kwamba baadhi ya SSD walizozijaribu hazikutekeleza amri hiyo ipasavyo, na moja iliripoti kwamba imefaulu ilhali taarifa zake zilikuwa zingali zote ndani.

Kwa upande wa vifaa, SSD nyembamba za kompyuta mpya za mapajani, zenye umbo la kipande cha ubani, haziingii kwenye rafu za SATA wala za SAS. Zinahitaji kompyuta yenye soketi zake maalumu, na karakana itenge walau mashine moja kwa ajili hiyo.

Idadi yake haiwezi kuwa ndogo siku zijazo. Kuanzia mwaka 2016, serikali ya Kenya iligawa zaidi ya kompyuta milioni moja ndogo kwa shule za msingi za umma, na vifaa vya aina hiyo hutumia chipu. Chipu nyingi za tableti zimelehemiwa kwenye ubao wenyewe na hazichomolewi, hivyo kifaa kizima ndicho hufutwa.

Umeme, joto na vumbi

Kwa mji kama Noonkopir, kifaa cha kwanza kununuliwa hakipaswi kuwa rafu wala seva, bali mtambo wa UPS, wenye betri zinazoshika mara umeme unapokatika. Mwaka 2023 pekee, Kenya ilikumbwa na giza la karibu nchi nzima zaidi ya mara moja, mwezi wa Agosti na tena Desemba, mbali na kukatika kwa kawaida mitaani.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mkupuo mzima huanza upya. Mbaya zaidi, diski iliyokuwa ikijifuta kwa amri ya ndani inaweza kubaki imefungwa kwa nenosiri, na asiyelijua nenosiri hilo hawezi kuifungua. Kwa hiyo programu itumie nenosiri moja linalojulikana na kuandikwa kwenye kumbukumbu za karakana.

Diski 72 za mezani zikiwa zinafanya kazi hula kama wati nane kila moja, jumla wati 576. Ukiongeza feni za rafu na seva mbili, karakana itahitaji takriban wati 1,300. Lakini wakati wa kuanza kuzunguka, diski moja inaweza kuvuta hadi wati 24, na zote 72 zikianza kwa pamoja ni zaidi ya wati 1,700 kwa diski peke yake. Rafu nzuri huziwasha kwa zamu. Kwa makadirio hayo, UPS ya kilovolti-ampea tatu ndiyo ya kuanzia, pamoja na jenereta kwa mikupuo ya usiku.

Joto nalo linahitaji mipango. Wati zote zinazoingia hutoka zikiwa joto, na chumba kidogo chenye mabati juu yake hugeuka tanuri saa za mchana. Diski isiachwe ipite nyuzijoto 50, kwani huanza kutoa makosa na kuonekana mbovu ilhali ni nzima. Chumba kiwe na dari, na hewa iingie upande mmoja na kutokea upande wa pili.

Hewa hiyo ichujwe. Tambarare za Kitengela zina vumbi jingi wakati wa kiangazi, na viwanda vya saruji haviko mbali. Vumbi haliingii kwa urahisi ndani ya diski yenyewe, lakini huziba feni na kuharibu viunganishi. Chujio la bei ndogo linalooshwa kila wiki huokoa rafu ya bei kubwa.

Diski zinazokataa kufutika

Katika kila rundo, zitakuwapo diski zisizowaka, zenye kelele au zenye sehemu mbovu zisizoandikika. Baadhi huwa na eneo lililofichwa na mtengenezaji wa kompyuta, ambalo programu isiyo makini hulipita bila kuligusa. Programu nzuri hulifungua eneo hilo kwanza. Diski iliyoshindikana kufutwa au kuhakikiwa hairudi sokoni kamwe.

Kwa hizo inahitajika mashine ya kuharibu. Mashine ya sumaku kali huteketeza taarifa za diski ya sumaku kwa sekunde chache, na diski hiyo haitumiki tena. Lakini haifanyi lolote kwa SSD, kwa kuwa chipu hazihifadhi taarifa kwa sumaku. Asiyelijua hilo atatoa vyeti vya uongo bila kukusudia. SSD mbovu husagwa, tena vipande vyake viwe vidogo mno, kwani chipu moja nzima inaweza kubeba maelfu ya kurasa.

Karakana inayoanza haina haja ya kununua mashine kubwa ya kusaga. Inaweza kutumia kibanio cha kuvunja diski za sumaku na kuzipeleka SSD mbovu kwa kituo chenye leseni ya kushughulikia taka za kielektroniki, mradi zisafirishwe katika kasha lililofungwa na kuhesabiwa pande zote mbili.

Bila rekodi, hakuna kazi

Diski iliyofutwa na ambayo haijafutwa hufanana kama pacha. Haziwezi kutofautishwa kwa macho, na hapo ndipo ajali nyingi hutokea. Kwa hiyo vifaa vya bei ndogo kuliko vyote ndivyo vinavyoibeba karakana: kisomaji cha bakodi, printa ya lebo na makreti ya rangi mbili.

Diski inapowasili, nambari yake ya utengenezaji husomwa na kuingizwa kwenye kumbukumbu kabla ya kitu kingine chochote. Huwekwa kwenye kreti jekundu. Baada ya kufutwa na kuhakikiwa, seva huandika yenyewe nambari hiyo, njia iliyotumika, saa na matokeo. Ni hapo tu ndipo lebo huchapwa na diski kuhamia kreti la kijani.

Jioni, idadi ya zilizoingia ilingane na idadi ya zilizofutwa, zilizoharibiwa na zilizosalia. Ikipungua hata moja, milango ifungwe hadi ipatikane. Chumba kiwe na kufuli, kamera na daftari la wanaoingia, kwani diski chafu mia mbili zilizo mahali pamoja ni windo zuri kwa mwizi kuliko zikiwa zimetawanyika katika ofisi mia mbili.

Kwa anayepanga bajeti, mfuatano wa matumizi basi ni huu: umeme wa uhakika na chumba kinachofungwa, kisha rafu, kadi na kebo kulingana na hesabu ya muda, kisha mashine ya SSD, kisha kibanio cha kuharibia, na vifaa vya rekodi tangu siku ya kwanza. Anayeanza na rafu moja ya nafasi 24 anaweza kufuta diski 72 kwa siku na kuongeza nyingine kadiri kazi inavyokua.

Na kwa mwenye ofisi anayetafuta wa kumfutia kompyuta zake, maswali ya kuuliza ni machache. Je, nitapewa cheti chenye nambari ya kila diski? Je, kila diski ilisomwa tena baada ya kufutwa? Je, zilizoshindikana zimeenda wapi? Karakana isiyoweza kujibu maswali hayo matatu haifai kukabidhiwa diski, hata kama inatoza nusu ya bei.